Haja Ndogo ya Sikudhani

Nchi yenyewe haikuwa na jina. Si kwamba waasisi walisahau. Walileta majina saba mezani, wakaanza kuyajadili, wakafa mmoja mmoja kabla ya kura. Ndiyo maana kwenye pasi, kwenye mihuri na juu ya lango la uwanja wa ndege pameachwa nukta nukta, ili siku jina likipitishwa lijazwe kwa kalamu.

Watu wake hawakuona ubaya. Walifundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kwao hakuna vita kwa sababu kuna mjadala. Na kweli vita havikuwapo. Barabara nazo hazikuwapo, lakini hilo halikuulizwa kwenye mtihani.

Katika Baraza la Juu la nchi hiyo alikuwapo binti mmoja aitwaye Sikudhani, na kazi yake ilikuwa kumimina maji.

Kazi hiyo ilikuwa ya kikatiba. Kanuni ya Nne ilisema mjumbe aliyesimama kusema hakatizwi na mjumbe mwenzake, na atasema mpaka aketi mwenyewe au sauti yake ikauke. Sauti ikikauka dakika moja nzima, mjumbe huyo ameketi kisheria, hata kama bado amesimama, na kura inapigwa. Basi pembeni ya kila msemaji iliwekwa glasi, na pembeni ya glasi mtu wa kuijaza. Waasisi waliona mbali. Walisema mtu huyo asiwe na upande katika jambo linalojadiliwa, na kwa kuwa kila raia ana upande, mmiminaji lazima asiwe raia.

Sikudhani alifaa sana. Yeye alitoka Kata ya Huku.

Kata hiyo iliitwa Huku kwa sababu ilikuwa upande huu wa mto. Mwaka wa mafuriko mto ulihama, ukapita nyuma ya nyumba zao, na asubuhi watu wa Huku walijikuta wako Kule. Katiba ilisema raia ni yule akaaye upande huu wa mto. Haikusema mto ukihama itakuwaje. Baraza la Chini lilikaa Jumanne moja, likapitisha kabla ya chai kwamba watu hao ni raia kama kawaida, likapeleka hoja hiyo Baraza la Juu. Huko ndiko alikosimama Mheshimiwa Kipengele kuipinga.

Alisimama akiwa na nywele nyeusi. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa na zilikuwa nyeupe. Kila jioni, Spika alipoahirisha kikao, karani alichora kwa chaki mahali miguu ya Mheshimiwa ilipokuwa, na asubuhi Mheshimiwa alirudi akakanyaga palepale, akaendelea na sentensi aliyoiacha. Habari za mto alizimaliza mwaka wa kwanza. Baada ya hapo alisoma ratiba ya treni ambayo reli yake haijajengwa, majina ya wote aliosoma nao, na namna shangazi yake alivyopika mchuzi wa kamba. Mchuzi aliurudia mara mbili, mara ya pili pamoja na marekebisho.

Na Sikudhani, kwa miaka minne, alisimama pembeni yake na jagi, bila upande wowote, wakati ikijadiliwa kama yeye ni raia.

*

Nyumbani Kule, mama yake Bi Tunu alisikiliza redio. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia lilibaki na mwanga kidogo, wa kujua mlango uko wapi.

Daktari wa macho alikuja hospitali ya mkoa siku moja kwa mwaka, Alhamisi, na alitibu raia. Kila mwaka Sikudhani alimpeleka mama yake, na kila mwaka walirudishwa dirishani kwa kukosa namba ya uraia. Mwaka wa kwanza karani aliandika "mtoto wa jicho" kwenye fomu, akauliza kama mtoto huyo alizaliwa Huku au Kule. Mwaka jana daktari mwenyewe, Daktari Mshihiri, alipita mlangoni, akamwangalia Bi Tunu akiwa amesimama tu, akasema kwa upole, "Hili la kulia linangoja mwaka mmoja. Mwakani ukipita bila kupasuliwa, msije tena."

Mwaka huo mmoja ulikuwa unaisha kesho.

"Jana ulimimina mara thelathini na moja," Bi Tunu alisema asubuhi ile ya Jumatano, huku akipapasa sufuria ya uji. Redioni alisikia kila kitu, lakini alichosikiliza hasa ni yale maji yakiingia kwenye glasi, kwa kuwa hapo alijua mwanawe yupo.

"Alikuwa na kiu, mama."

"Unamimina vizuri. Hayaruki. Shika uji."

"Leo sinywi. Nikinywa nitabanwa."

"Kesho tunaamkia hospitali na wewe huna nguvu? Kunywa."

Sikudhani akanywa. Mama akaongeza kikombe cha pili, naye hakujua kukataa, akanywa na hicho.

Chausiku, jirani yao, alikuwa ameegemea mlango akichokoa meno. "Hospitali kufanya nini, shoga? Mnaenda kusalimia dirisha?"

"Huenda safari hii wakatuonea huruma," Sikudhani alisema.

"Huruma haina namba. Namba iko pale kwenye jagi lako. Siku moja sahau tu. Sema jagi limevuja. Dakika moja, koo la yule mzee linakauka, kura inapigwa, sote raia, mama anaona. Ningekuwa mimi, siku ya kwanza tu ningemwacha na glasi yake kavu."

"Chausiku, sikumlea mwanangu kunyima mtu maji," Bi Tunu alisema. "Hata huyo."

"Basi kaeni gizani kwa adabu," Chausiku akasema, na wote watatu wakacheka kidogo, maana walikwisha kuyasema hayo mara nyingi mno.

*

Siku ile Baraza lilijaa. Mheshimiwa Kipengele alikuwa anakaribia kuipita rekodi ya mwasisi mmoja aliyesema miaka tisa na siku kumi na mbili kuhusu rangi ya bendera. Bendera ile mpaka leo ni nyeupe. Kwa heshima ya rekodi, Spika alifuta mapumziko ya mchana.

Vyoo vya Baraza vilikuwa vya raia. Sikudhani alitumia kile cha nyuma ya kituo cha polisi, ng'ambo ya barabara, wakati wa mapumziko. Kutoka kabla ya hapo ilibidi amwombe Spika ruhusa mbele ya wajumbe wote, kwa sababu jagi lilikuwa mali ya kikao. Katika miaka minne hakuwahi kuomba. Aliona haya hata kumpa Spika shikamoo.

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Mheshimiwa alikuwa anasoma vipimo vya viatu vya wajumbe waliomtangulia, na kila glasi aliyomiminiwa ililia kwa namna ambayo Sikudhani aliisikia tumboni. Akahesabu vioo vya dirisha lililokuwa wazi. Akahesabu tena. Mvua ilikuwa inaingia na wajumbe wa upande ule walikuwa wamefungua miavuli, kama ilivyo desturi.

Dirisha lile lina habari yake. Kanuni za Baraza zilijua hoja za aina mbili. Hoja kubwa hujadiliwa mpaka mwisho, na huchukuliwa moja moja kwa foleni. Hoja ndogo huweza kutolewa wakati wowote, hata mjumbe akiwa anasema, na dakika zake hazihesabiwi kuwa kimya chake. Haijadiliwi, husemwa kwa sentensi moja na hupigiwa kura papo hapo. Hoja ndogo ya mwisho ilitolewa enzi za waasisi, na mzee mmoja aliyeona joto. Alisema, "Dirisha lifunguliwe." Ikapita. Tangu siku hiyo dirisha halijafungwa, kwa sababu kulifunga ni kuvunja sheria, na kuifuta sheria kunataka hoja kubwa, na foleni ya hoja kubwa haijasogea.

Saa nane kasorobo Sikudhani alijua kwamba hatafika jioni. Akainua mkono usio na jagi. Hakuna aliyemwona. Akasogea kidogo, na kwa kuwa hakuzoea kusema mbele za watu hakujua kwamba amesogelea kipaza sauti.

"Mheshimiwa Spika," alisema. "Naomba haja ndogo."

Ukumbi mzima ulisikia. Nchi nzima ilisikia. Mheshimiwa Kipengele, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alinyamaza.

Spika alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. "Imesemwa nini?"

Mwandishi wa kumbukumbu, Bi Leokadia, mama mtu mzima ambaye sikio lake lilikuwa limechoka kwa vipimo vya viatu, alitazama karatasi kwenye mashine yake akasoma alichokiandika. "'Mheshimiwa Spika, naomba hoja ndogo.'"

Minong'ono ikaenea chini ya miavuli. Spika akaketi vizuri. "Katibu. Huyu si ni yule wa maji?"

Katibu wa Baraza, Mzee Andarusi, aliinuka na vitabu vitatu. "Ndiye, Mheshimiwa Spika. Na asiye raia hawezi kutoa hoja katika Baraza hili."

"Basi hakutoa."

"Ametoa, Mheshimiwa Spika. Imeandikwa. Na Kanuni ya Tisa inasema kumbukumbu za Baraza hazikosei."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ama kumbukumbu zimekosea, jambo ambalo haliwezekani, ama huyu binti ni raia."

Spika alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Raia tangu lini?"

"Tangu alipofungua mdomo, Mheshimiwa Spika."

"Napinga," akasema Mheshimiwa Kipengele kutoka kwenye chaki yake. "Miaka tisa naeleza kwamba watu wa kule si raia."

"Watu, Mheshimiwa," Katibu alimjibu kwa unyenyekevu. "Huyu ni mtu mmoja. Hoja yako haijaguswa."

Mheshimiwa akaridhika, akaomba maji. Sikudhani akammiminia. Miguu yake ilikuwa imebanana kama ya mtu aliyefungwa kamba.

"Raia," Spika alimwita, na ilichukua muda Sikudhani kuelewa kwamba anaitwa yeye. "Toa hoja yako ndogo. Sentensi moja, iliyokamilika."

Alitaka kusema kwamba hakusema hoja. Lakini hilo lingekuwa kuikosoa kumbukumbu, na Bi Leokadia alikuwa anamtazama kwa macho ya kumsihi, mtu aliyebakisha miezi miwili astaafu. Sikudhani aliishia darasa la nne, mwaka ule mto ulipohama na shule ikabaki upande wa pili. Alichokumbuka kuhusu sentensi iliyokamilika ni kwamba ina mtu, halafu ina kile anachofanya mtu huyo. Mtu aliyemjia akilini alikuwa mmoja tu.

"Mama yangu haoni," akasema.

Mvua ilisikika ikigonga miavuli.

"Hoja ndogo," Spika akatangaza, "ni kwamba mama yake haoni. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo," walisema wajumbe. Walisema hata waliolala, kwa kuwa neno hilo walilizoea usingizini. Mheshimiwa Kipengele naye alisema ndiyo. Hakuwa na ubaya na mama wa mtu.

"Wasioafiki?"

Hakuna.

"Wote wameafiki. Hoja imepita na imekuwa sheria."

Wakapiga makofi, wakainuka. Mjumbe mmoja mzee alifuta machozi akisema tangu dirisha hajaona demokrasia kama ile. Makofi yalichukua dakika kumi na moja. Katika dakika ya tatu au ya nne Sikudhani alihisi moto miguuni, ukishuka mpaka ndani ya viatu, ukienea sakafuni mpaka kwenye mstari wa chaki. Hakusogea. Alitazama ukuta.

Bi Leokadia naye aliona. Akainamia mashine yake akaandika: *Maji yalimwagika kutoka kwenye jagi.* Na kwa kuwa kumbukumbu hazikosei, ndivyo ilivyokuwa.

*

Jioni ile alipewa namba ya uraia, imeandikwa kwenye karatasi nene yenye nukta nukta mahali pa jina la nchi. Alipewa mkono na Spika. Kisha akanyang'anywa jagi, kwa kuwa sasa alikuwa na upande.

Katibu alimwelekeza kwa furaha ya mtu anayejua vitabu. "Mzazi asiye na namba hutibiwa kwa namba ya mwanawe. Mpeleke mama kesho, binti. Hakuna wa kumrudisha."

Kazi ya jagi ilitangazwa hapohapo, na kwa kuwa redio ilitangaza pia, Chausiku alikuwa amefika langoni kabla ya saa kumi na mbili. Sikudhani alimkabidhi jagi na kitambaa.

"Kwa hiyo wewe raia," Chausiku alisema. "Nikuamkie?"

"Acha hizo."

"Kesho utasikia redioni. Mimi simimini. Nakwambia mbele ya jagi lenyewe, simimini."

Sikudhani alifikiri kidogo. "Usinywe uji asubuhi," akamwambia.

*

Alhamisi dirishani karani aliiona namba, akainuka kwenye kiti, akawafungulia mlango. Bi Tunu alivaa kanga mpya. Alilazwa kwenye kitanda, akasafishwa jicho, na Daktari Mshihiri akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Sikudhani alisimama ukutani. Hakuhisi furaha. Alingoja ije, kama mtu anayengoja mguu uliokufa ganzi urudi.

"Jina la mgonjwa?" daktari aliuliza.

"Tunu. Mama yake Sikudhani, yule wa Baraza," karani alijibu kwa fahari.

Daktari akasimama na maji yanachuruzika kwenye viwiko. Kisha akaenda mezani, akafunua Gazeti la Serikali la asubuhi ile, akasoma. Akasoma tena. Ulikuwa mstari mmoja tu.

"Binti, njoo. Soma hapa."

Sikudhani akasoma polepole, kwa kidole. *Sheria ya Hoja Ndogo. Mama yake Sikudhani haoni.*

"Nikimtoa mtoto wa jicho, ataona," daktari alisema. "Akiona, atakuwa amevunja sheria, na mimi nitakuwa nimemsaidia."

"Mimi nilisema tu kwamba haoni."

"Najua. Ungesema 'haoni kwa sasa', ningefanya. Maneno mawili tu, kwa sasa. Au ungeomba apasuliwe." Akatafuta tena kwenye gazeti kama huenda maneno hayo yameandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. "Hayapo."

"Inafutwaje?"

"Kwa hoja kubwa. Ikifika zamu yake." Hakumalizia. Wote wawili walijua nani amesimama mbele ya foleni. Daktari akachukua kitambaa, akafuta ile dawa kwenye jicho la Bi Tunu kwa uangalifu mkubwa, asimuumize.

Walirudi nyumbani mchana. Kwenye kivuko Sikudhani, kwa kuwa ni raia, alipewa kiti.

Walipofika, Bi Tunu akavua kanga mpya, akaikunja, akakaa karibu na redio.

"Kura zilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Wote, mama."

"Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba naona?"

"Hakuna."

"Na Kipengele?"

"Naye alisema ndiyo."

Bi Tunu akatikisa kichwa taratibu. "Na choo? Ulifika?"

"Sikufika."

Mama akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akapata goti la mwanawe, akauacha hapo. Kwa mkono mwingine akafungua redio.

Mheshimiwa Kipengele alikuwa amerudia ratiba ya treni. Sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na katikati ya stesheni mbili ilikatika. Wakasikia kikohozi. Wakasikia glasi tupu ikiwekwa mezani, na baada ya hapo hawakusikia kitu.

Sikudhani akajua kwamba Chausiku amelishika jagi na hamimini. Akatazama saa ya ukutani. Sekunde kumi. Sekunde ishirini. Redioni mtu alijaribu kusema jina la stesheni na koo likatoa mlio kama wa mlango. Sekunde thelathini na tano. Ukumbi ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba mvua ilisikika ikiingia dirishani. Sekunde arobaini na tano. Yule mzee alikuwa anavuta pumzi kwa shida, na kila pumzi ilisikika nchi nzima.

"Jamani, mpeni maji," Bi Tunu aliiambia redio, kwa sauti ya chini. "Ni mtu mzima huyo."

Sekunde hamsini na mbili, maji yakaingia kwenye glasi. Yaliingia kwa pupa, yakaruka, yakamwagika mezani.

Mheshimiwa akanywa, akashukuru, akaitaja stesheni.

"Ni Chausiku huyo," Bi Tunu alisema. "Anamimina vibaya."

"Atazoea," Sikudhani akasema.